Maji Yashuka, Umeme Wapita: Milima ya Uluguru katika Historia ya Utafiti wa Mazingira na Haki ya Nishati

Milima ya Uluguru huanzia kusini mwa mji wa Morogoro na kupanda hadi zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari katika kilele cha Kimhandu, na kwa kuwa ndiyo ya kwanza kukutana na mawingu yatokayo Bahari ya Hindi upande huo wa nchi, miteremko yake ya mashariki hupata mvua karibu mwaka mzima. Maji yake hushuka kwa mito ya Mgeta, Mbezi, Mvuha na Ngerengere, ambayo yote huishia katika Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Upande mwingine wa mkoa huohuo wa Morogoro, Mto Ruaha Mkuu hugeuzwa umeme huko Kidatu na Rufiji hugeuzwa umeme katika bonde lake, huku miombo ya Kilosa na Mvomero ikitoa mkaa unaopakiwa kwenye malori kuelekea pwani. Kwa hiyo Morogoro ni mkoa ambao kwa miongo mingi umekuwa ukitoa maji, kuni, mkaa na umeme kwa ajili ya watu wanaoishi kwingine. Historia ya watafiti walioijia milima hii ni historia ya namna wasomi walivyojifunza, polepole mno, kumtazama mkulima wa mlimani kama mwenye haki, baada ya kumtazama kwa miongo mingi kama chanzo cha tatizo.

Kabla ya watafiti kulikuwa na elimu nyingine. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya mlimani ilishikwa na koo chini ya uangalizi wa mndewa, mkuu wa ukoo, ambaye ndiye aliyegawa mashamba na kuongoza matambiko. Kinole palikuwa kwa Kingalu, aliyeheshimiwa kama mganga wa mvua, na upande wa kusini mashariki lilikuwapo pango la Kolelo, ambako watu wa sehemu za mbali walikwenda kuomba mvua na rutuba. Wanahistoria wa Vita vya Maji Maji wameonyesha kwamba imani ya Kolelo ilihusiana na ile ya bonde la Rufiji iliyowapa wapiganaji wa mwaka 1905 maji ya dawa, na kwa hiyo katika nchi hii maji yalikuwa jambo la siasa kabla hayajawa jambo la vipimo. Mwaka 1909 serikali ya Wajerumani iliitenga misitu ya juu ya Uluguru kuwa hifadhi. Mpaka huo, uliorithiwa na Waingereza na baadaye na serikali huru, ulikuwa uamuzi wa kwanza wa kisera uliotenganisha msitu na watu walioishi kando yake, na wenye koo hawakuwa na sauti katika kuuchora.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, maofisa wa kilimo wa Tanganyika waliingiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo, hofu iliyokuwa imeenea katika makoloni yote ya Uingereza barani Afrika, na wakabuni mipango ya kuwalazimisha wakulima walime kwa namna iliyoaminika kuwa salama. Uluguru ilipata mpango wake mwanzoni mwa miaka ya 1950, ukiitwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, na kiini chake kilikuwa matuta ya ngazi, yaani kuukata mteremko uwe vidato vya tambarare vinavyoshuka kimoja baada ya kingine. Wakulima walitakiwa kuchimba matuta hayo kwa kazi isiyo na malipo, kuacha kuchoma majani mashambani na kuacha kulima kandokando ya mito, na aliyekaidi alitozwa faini.

Inafaa kusimama kidogo juu ya tuta lenyewe, kwa sababu ndani yake umo mgogoro wote. Udongo wa Uluguru penye mteremko mkali ni mwembamba: juu kuna tabaka la rangi ya kahawia lenye rutuba, na chini yake kuna udongo mwekundu au wa manjano, mgumu, usio na chakula cha mmea. Mkulima anayekata ngazi kwa jembe la mkono huvuta udongo wa sehemu ya juu ya kidato na kuushusha sehemu ya chini, na akiisha kulisawazisha shamba, udongo mwekundu umekuja juu na ule wa rutuba umezikwa. Mahindi yaliyopandwa humo yalitoka manjano na mafupi. Wakulima wa Matombo, upande wa mashariki, waliotegemea mahindi na mpunga wa mlimani, waliliona jambo hilo katika msimu wa kwanza tu, huku maofisa wakiendelea kuhesabu maili za matuta yaliyochimbwa na kuziandika kuwa maendeleo. Huko Mgeta, upande wa magharibi, hali ilikuwa tofauti kwa sababu inayoeleweka: wakulima wa huko walilima mboga za kuuza, walikuwa na mifereji ya kumwagilia na mbolea ya kurutubisha udongo, na tangu zamani walikuwa na ngazi zao ndogo walizozikata kwa kufukia magugu ndani ya tuta. Kwa hao tuta kubwa lililipa, na mengine yamedumu.

Mwezi Julai 1955, watu wa Matombo na vijiji vya jirani walikusanyika kuupinga mpango huo, mkusanyiko ukageuka vurugu, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilipata milimani wafuasi wengi waliochoshwa na matuta, na haukupita muda mrefu serikali ikaachana na ulazima huo. Roland Young na Henry Fosbrooke walichapisha mwaka 1960 kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru ambamo kisa hiki kimechambuliwa kwa kina, na tangu hapo Uluguru imekuwa mfano unaorudiwa kila inapoandikwa historia ya uhifadhi wa udongo barani Afrika. Kilichochelewa kuonekana katika maandishi hayo ni kwamba waandamanaji wa Matombo walikuwa wanauliza maswali matatu ya msingi: nani anabeba kazi na nani anapata faida, nani aliyeamua, na kwa nini elimu ya mkulima juu ya shamba lake haikuhesabiwa kuwa elimu.

Watafiti wa kizazi kilichofuata walikuja na vipimo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden vilianzisha mradi wa pamoja wa kuchunguza mmomonyoko wa udongo, na wanajiografia wake, miongoni mwao Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple, walipima mashapo, yaani udongo unaobebwa na maji, katika bonde la Mto Morogoro. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache iliishukia Mgeta na kusababisha zaidi ya maporomoko 1,000 ya ardhi. Temple na Rapp walipoyachunguza waligundua kwamba karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi, na machache mno yalianzia chini ya miti, kwa kuwa mizizi hushikilia udongo ambao jembe limeulegeza. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1972, na katika mkusanyo huohuo Temple aliandika mapitio ya sera za udongo na maji za Uluguru tangu enzi za ukoloni, akionyesha jinsi zilivyoshindwa. Hapo ndipo utafiti wa sera, kwa maana ya kuichunguza sera yenyewe kama jambo lenye makosa na sababu zake, ulipoanza kupata mizizi milimani. Hata hivyo, kipimo kilibaki kuwa udongo, na mwenye shamba alionekana kwa mbali.

Wakati huohuo umeme uliingia katika hesabu. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha mwaka 1975 na kufikia megawati 204 kilipokamilika awamu ya pili mwaka 1980, na njia kuu ya umeme ikajengwa kupitia Morogoro hadi Ubungo. Minara hiyo ilipita juu ya mashamba na vijiji ambavyo vilibaki na koroboi kwa miongo kadhaa baadaye, kwa sababu umeme wa msongo mkubwa hauwezi kuchukuliwa njiani bila kituo cha kuupoozea, na vituo vilijengwa penye viwanda na miji. Wahandisi waliueleza mpangilio huo kama jambo la kiufundi. Kwa kweli ulikuwa pia uamuzi juu ya nani ahudumiwe kwanza.

Kwa walio wengi nishati ilikuwa kuni. Mwaka 1975 Erik Eckholm alichapisha huko Marekani makala iliyouita uhaba wa kuni mgogoro mwingine wa nishati, wakati ulimwengu ukihangaikia bei ya mafuta, na hoja hiyo ikapokewa kwa nguvu Tanzania. Mbinu ya wakati huo ilikuwa ya kuhesabu: idadi ya watu ilizidishwa kwa kiasi cha kuni ambacho kila mtu hutumia, jumla ikalinganishwa na miti inayoota kwa mwaka, na tofauti ikaitwa pengo la kuni. Makadirio hayo yalitabiri nchi kubaki bila mti, vijiji vikahimizwa kupanda mashamba ya miti, na mengi ya mashamba hayo hayakustawi kwa sababu wanavijiji walipendelea kulima chakula na kuokota kuni mipakani mwa mashamba yao, mahali ambapo hesabu za wataalamu hazikuwahi kupaangalia. Kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza kufundisha misitu mwaka 1973, kiligeuzwa mwaka 1984 kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humo Aprili ya mwaka huo. Tangu hapo sehemu kubwa ya utafiti wa nishati ya miti nchini imefanywa chini ya vilele vya Uluguru, na madirisha ya chuo yanautazama mlima uliosababisha hoja zote hizo.

Kihansi ilileta somo la aina nyingine. Kituo hicho cha megawati 180, kilichoko kwenye Milima ya Udzungwa mpakani mwa Iringa na Morogoro, kilipoanza kazi karibu na mwaka 2000 kiliyahamisha maji yaliyokuwa yakianguka kwenye korongo, na chura mdogo aliyegunduliwa humo mwaka 1996, ambaye aliishi kwa kutegemea manyunyu ya maporomoko tu, akaanza kutoweka. Mamia ya vyura walipelekwa New York kutunzwa, mabomba ya kunyunyizia yakatandazwa korongoni, chura akatangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na mwaka 2012 akaanza kurudishwa. Juhudi hizo zilistahili kufanywa, nazo ziliimarisha wazo kwamba mto una kiwango cha maji kisichopaswa kuguswa. Ila hakuna mama wa kijiji cha jirani aliyewahi kupata uangalizi wa namna ile kwa sababu ya kupikia kwenye moshi kwa miaka 30.

Dhana ya haki ya mazingira ilikuwa imezaliwa Marekani, hasa kutokana na upinzani wa mwaka 1982 katika wilaya ya Warren, North Carolina, ambako wakazi, wengi wao weusi, waligoma kuzikiwa udongo wenye sumu. Kutokana nayo, wasomi wa Ulaya na Marekani walijenga katika miaka ya 2010 dhana ya haki ya nishati. Darren McCauley, Raphael Heffron, Kirsten Jenkins na wenzao waliigawa mwaka 2013 katika sehemu tatu: haki ya mgawanyo, inayouliza faida na hasara za nishati zinamwangukia nani; haki ya utaratibu, inayouliza nani anashirikishwa katika kuamua; na haki ya kutambuliwa, inayouliza ni watu gani wanaodharauliwa au kusahauliwa kabisa. Msomaji anayekumbuka Matombo ataona kwamba wakulima wa 1955 walikwishauliza yote matatu, tena kwa mpangilio huohuo, miaka 58 kabla hayajapewa majina.

Sheria za Tanzania zilikuwa zimeanza kuelekea huko kwa njia yake. Sera ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilifungua usimamizi shirikishi wa misitu, ambao una sura mbili zisizolingana. Msitu ulio katika ardhi ya kijiji husimamiwa na kijiji chenyewe na mapato yake hubaki kijijini. Msitu wa hifadhi wa serikali husimamiwa kwa pamoja, yaani kijiji husaidia kulinda, na mgawanyo wa mapato hutegemea makubaliano ambayo kwa miaka mingi hayakupata uamuzi ulio wazi. Misitu ya Uluguru ni ya lindimaji, inayotunzwa kwa ajili ya vyanzo vya maji, ambamo kukata mti hakuruhusiwi, na hivyo wanavijiji wake waliangukia upande wenye kazi nyingi na malipo kidogo. Ulinzi wenyewe ulihitajika kweli: Neil Burgess, Nike Doggart na Jon Lovett walionyesha mwaka 2002 kwamba msitu wa asili wa Uluguru ulikuwa umepungua kutoka takriban kilometa za mraba 300 mwaka 1955 hadi 230 mwaka 2000, hasa katika miinuko ya chini. Mwaka 2008 misitu hiyo iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru yenye zaidi ya hekta 24,000.

Katika kipindi hichohicho kilifanyika jaribio moja linalostahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliandaa mpango wa malipo kwa huduma za maji katika eneo la Kibungo Juu, ambapo watumiaji wa chini, DAWASCO iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, waliwalipa wakulima wa juu kwa kupanda miti, kuchimba makinga maji na kukata matuta ya ngazi ili mto upunguze tope. Babu zao walitozwa faini kwa kutokata tuta lilelile. Malipo yalikuwa madogo na wanunuzi walikuwa wawili tu, na mpango haukugeuka kuwa sheria ya kudumu, lakini kwa mara ya kwanza mtu wa mjini alikiri kwa fedha kwamba kazi ya mtu wa mlimani ina thamani. Baada yake ilikuja biashara ya hewa ya ukaa, yaani malipo kwa kaboni inayohifadhiwa na misitu. Norwei iliahidi mwaka 2008 kroni milioni 500 za kuisaidia Tanzania kujiandaa kwa biashara hiyo, Chuo cha Sokoine kikawa mwenyeji wa utafiti wake na baadaye wa kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, na wanafunzi wengi wakajifunza kupima mti kwa tani za kaboni kama watangulizi wao walivyoupima kwa mita za ujazo za kuni.

Mkaa ulibaki nje ya heshima hiyo kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa 2006 serikali iliupiga marufuku, na katika wiki mbili hivi marufuku ikaondolewa, kwa kuwa jiji halikuwa na kitu kingine cha kupikia. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba nchi ilitumia tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, nusu yake Dar es Salaam, katika biashara yenye thamani ya dola milioni 650 hivi, huku mchomaji aliye porini akipata sehemu ndogo na kuishi kwa kuwakimbia walinzi. Kuanzia 2012, kwa fedha za Uswisi, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa vijiji wa MJUMITA na shirika la TaTEDO walijaribu njia tofauti huko Kilosa, na baadaye Mvomero na Morogoro Vijijini. Kijiji kilipima msitu wake, kikatenga sehemu ndogo kwa ajili ya mkaa, kikaigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50 vinavyovunwa kwa kurukana kama miraba ya ubao wa drafti, na kila kitalu kikivunwa kikaachwa kichipue kwa miaka 24.

Anayelikaribia tanuri la mkaa kwanza hulisikia kwa pua. Magogo hukatwa, huachwa yakauke, hulazwa juu ya mengine yaliyotangulizwa ili hewa ipite chini, kisha hufunikwa kwa nyasi na udongo mpaka yawe kama kaburi refu, na moto huwashwa upande mmoja. Kwa siku kadhaa mchomaji hulala kandoni mwake akiziba kila ufa unaotokea, maana hewa ikiingia gogo huwa majivu; moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka, na moshi ukigeuka mwembamba wa samawati ndipo ajuapo kwamba mkaa umeiva. Ni kazi ya ujuzi, na ndiyo maana mradi wa Kilosa ulitoa mafunzo kwa wachomaji wenyewe. Vijiji kama Ihombwa na Ulaya Mbuyuni vilitoza ushuru kwa kila gunia na kuutumia katika shule na zahanati. Tafiti zilizofuata, zikiongozwa na Doggart na wenzake, zilionyesha kwamba kilimo ndicho chanzo kikuu cha kupotea kwa misitu nchini, na kwamba mkaa ulikuwa umebebeshwa lawama zaidi ya sehemu yake.

Upande wa umeme, Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007 na kuteremsha gharama ya kuunganishwa kijijini hadi shilingi 27,000. Uchunguzi wa kitaifa wa 2019/20 ulitoa takwimu mbili zinazopaswa kusomwa pamoja: asilimia 78.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa wamefikiwa na umeme, lakini kaya zilizounganishwa zilikuwa asilimia 37.7, na vijijini asilimia 24.5. Kufikiwa maana yake nguzo iko karibu. Kuunganishwa maana yake taa inawaka, na baina ya hayo mawili pana gharama ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba, ubora wa ukuta wa kuzishikilia, na mwanamke asiye na kauli juu ya fedha ya kaya. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024, na Mei mwaka huohuo serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Umeme sasa unatosha kuliko wakati wowote uliopita, na bado chungu cha Mluguru kiko juu ya mafiga.

Mwaka 2021 Ruvu ilipungua hadi Dar es Salaam ikapewa maji kwa mgawo, na tukio hilo likaharakisha bwawa la Kidunda katika wilaya ya Morogoro, lililofikiriwa kwa miongo kadhaa, ambalo limekusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190 za maji na kuzalisha megawati 20 za umeme. Bwawa hilo liko chini ya mahali ambapo Mgeta inakutana na Ruvu. Kila msimu wa masika udongo wa Matombo, wa Kibungo na wa Mgeta utakuwa ukishuka na kutulia humo, na muda ambao bwawa litaishi utaamuliwa na mwenye jembe juu mlimani: kama atakata tuta au hatakata, na kama atakayelihitaji tuta hilo atapanda kwenda kuzungumza naye na kumlipa.